Mama wa Karibu, Mama wa Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya uchapishaji pale River Road, Msimamizi wa Mitambo alinionyesha faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama ambazo kompyuta huzielewa. "Soma kutoka juu kwenda chini, kama Biblia," akasema. "Kompyuta pia husoma hivyo." Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Tulichapisha vijitabu vya mazishi. Majina ya familia tuliyapanga kwenye faili: mama, kisha watoto wake, halafu mama mwingine na watoto wake. Kila jina ni nodi, yaani kipande kimoja cha faili, na nodi hizo zote zilikuwa ngazi moja. Ili kumpata mama wa mtoto, tuliandika njia ya XPath, yaani maelekezo ya kutafuta nodi: kutoka kwa mtoto, rudi nyuma, chukua mama nambari moja.

Hapa twende polepole. Ukirudi nyuma, hesabu huanzia pale ulipo, hivyo nambari moja ni mama wa karibu. Lakini ukiifunga njia hiyo kwa mabano kabla ya kutaja nambari, kompyuta hukusanya kina mama wote waliotangulia, kisha huwahesabu kutoka juu ya faili. Nambari moja sasa ni mama wa kwanza kabisa.

Nilipopandishwa cheo kwenda ofisi yetu ya Muthangari, niliongeza mabano hayo ili njia ipendeze macho. Nikajaribu kwa familia yenye mama mmoja. Ikatoka sawa.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mzee wa mtaa wa Jamhuri aliyeacha wake wawili. Baada ya mazishi, mke mdogo alikuja ofisini na binti yake, akaweka kijitabu mezani.

"Watoto wangu wote mmewapea mama mkubwa. Pasta amesoma hivyo mbele ya watu."

"Pole, mama," Meneja wetu akasema. "Ni kompyuta ilikosea."

"Kompyuta ndiyo iliwazaa? Mimi naitwa Mama Ndunge tangu huyu azaliwe. Sasa niitwe nani?"

Ndunge alitazama sakafu. Mimi nilitazama kijitabu.

Niliondoa mabano siku hiyohiyo. Tukachapisha vijitabu upya, bila kosa. Mama Ndunge hakuja kuvichukua.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza, nawaambia wasiogope kukosea. Wajaribu tu njia zao kwa familia yenye mama wawili. Hilo hulielewa upesi. Lile jingine huwa gumu kulieleza: kwamba Mama Ndunge alisimama hatua moja kutoka kwangu, akisubiri mtu aseme "ni mimi," na mimi nikaiachia kompyuta lawama.