Mama Aliyeshuka kwa Miguu Yake

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, ila yenyewe haitaki. Nilikuwa kijana, nimemaliza mafunzo ya dawa ya usingizi juzijuzi, na kichwa kimenivimba. Hospitalini kwetu Morogoro nilijulikana kwa jambo moja: kushusha presha ya mgonjwa makusudi akiwa amelala, ili kidonda kisivuje sana na daktari aone anachokata. Nilijisifia kazi hiyo mpaka kantini.

Siku hiyo aliletwa mama mmoja, mkulima wa mboga kutoka milimani juu ya Mlali. Alikuwa na rovu kubwa shingoni, limeanza kumkaba. Shikamoo yenyewe nilimpa huku nasoma faili.

"Mama, unachoka ukitembea? Moyo unakusumbua?"

"Hapana, mwanangu. Juzi nimeshuka kwa miguu yangu mpaka Mlali."

Nikaandika moyo hauna tatizo. Mtu anayeitembea milima ya Uluguru, nilijiambia, moyo wake nitautilia shaka ya nini?

Daktari alipoanza kukata, damu ikawa nyingi. "Shusha kidogo," akasema. Nikashusha. Kisha nikashusha tena, na hiyo ya pili hakuniagiza mtu, ilikuwa ni sifa zangu tu. Kidonda kikakauka, daktari akanipongeza, nami nikachekelea kama mjinga. Sikukumbuka kwamba moyo nao unalishwa kwa presha ileile niliyokuwa naipunguza. Mapigo yakaanza kurukaruka, yakapotea. Tulimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Hakurudi.

Nilimkuta mumewe nje kwenye benchi. Badala ya kumpa pole nikaanza kujitetea, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Nikamwambia mkewe mwenyewe alisema anatembea vizuri. Mzee hakupandisha sauti.

"Kushuka anashuka. Kupanda, huu mwaka wa pili, wanawe wanambeba. Hatua kumi tu anakaa chini, anahema. Wewe ulimuuliza habari ya kupanda?"

Sikumuuliza. Na mimi ni mzaliwa wa Mlali, mlima ule naujua tangu utotoni.

Mwanangu, sasa unaanza kazi hiyohiyo, na mashine zenu za kupima moyo ni nzuri kuliko zetu. Zitumie. Lakini kabla ya mashine, vuta kiti, mpe mtu mzima shikamoo yake, muulize anafikaje nyumbani kwake, anapumzika mara ngapi njiani, akilala anahitaji mito mingapi ndipo apumue. Ukigundua moyo umechoka, usiichezee presha yake ili usifiwe. Mwambie daktari leo damu itavuja, afute, aende polepole. Akinuna, mwache anune. Nimeshaona daktari aliyenuna akacheka kesho yake, na yule mama sikumwona tena.

Nenda salama. Mungu akulinde, usije ukaulizwa na mfiwa swali ambalo wewe ulipaswa kumuuliza mgonjwa.