Bawaba za Gari na Mama Mkwe

Mlango wa gari langu la kwanza ulianguka mbele ya mama mkwe, na nusura uondoke na ndoa yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla Kilifi haijapata daraja. Nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja huko Bofa, kijana wa suruali pana na maneno mengi. Gari nililinunua kwa mzee wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na lilikuwa la kale hata kwa wakati ule. Lilikuwa na mgongo wa duara kama kobe na milango miwili tu, inayofunguka kinyume. Yaani bawaba zilikuwa upande wa nyuma, kwa hiyo mlango ukifunguka njiani, upepo unaudaka na kuutandaza mpaka uombe radhi kwa wapita njia. Mlango wa dereva ulifungwa kwa waya tangu enzi za yule mzee. Sote tuliingilia wa kushoto, mimi nikitangulia na kujikokota hadi kwenye usukani.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Rabai kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama ilivyo desturi. Siku ya harusi nilikuwa nimejigamba mbele ya wazee kwamba mtoto akizaliwa nitakuja kumchukua kwa gari langu mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa. Mama mkwe aliichukua kauli ile akaitembeza kilima kizima, nyumba kwa nyumba, hata kwa watu aliokuwa hasemi nao. Baada ya hapo habari ya kumfuata mke wangu kwa basi ikawa haizungumziki. Majirani walikuwa wameahidiwa gari, na gari ndilo walilolisubiri.

Nami niliwataka wangu nyumbani. Nitasema wazi: chumba changu kilikuwa kimepoa, nilikuwa nakula wali mkavu wa hoteli, na mwanangu nilimwona mara moja tu, ameviringishwa nguo, kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa mali ya wenyewe.

Kwa mbali, kwa sababu ya mama mkwe. Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na akitokea njiani wewe unaingia kichakani na kuanza kupenda majani. Mkiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Asipokuwepo mtu, hupitishwa kwa chochote kilicho karibu. Mkwe wangu alikuwa hodari wa jambo hili. Aliwahi kuniuliza habari za kazi kupitia kwa kinu.

Basi nikaenda Rabai kuwachukua. Majirani walijaa uani. Mke wangu alitoka na mtoto, amejifunga leso mpya, mimi nikasimama kando natazama minazi kwa adabu. Mama mkwe akalijia gari kulikagua. Nilisikia mkono wake ukishika mlango, nikasikia mlio kama wa mtu anayekohoa chuma, kisha kishindo. Mlango mzima ulikuwa chini, na kuku mmoja alikuwa amekimbilia juu ya paa la jiko.

Mama mkwe akamgeukia yule kuku.

"Kuku wewe," akasema kwa sauti ya kusikiwa hadi barabarani, "mwambie mwenye gari, mjukuu wangu si gunia la makaa. Atengeneze mlango ndipo aje. Na siku mlango huo ukianguka tena, binti yangu na mtoto watarudi hapa na mimi, na hapa ndipo watakapokaa."

Nilirudi Kilifi peke yangu, mlango umelala kiti cha nyuma kama abiria mgonjwa, na upepo unanipiga mbavu za kushoto njia nzima.

Fundi wa kuchomelea alitazama mahali bawaba zilipong'oka akacheka. Alichokoa kwa bisibisi, ukamwagika unga. Nikadhani ni kutu. "Kutu gani," akasema. "Hawa ni mchwa." Sikumwamini mpaka aliponionyesha: chini ya bati, gari lile lilijengwa kwa mbao. Nguzo iliyoshika bawaba ilikuwa mti mtupu, na mchwa wa Bofa walikuwa wamekula kila kitu isipokuwa rangi. Nimewahi kusikia watu walioliwa nyumba, walioliwa kitanda, hata mmoja aliyeliwa mguu wa bandia. Wa kuliwa gari nilikuwa mimi.

"Nenda kwa seremala," akaniambia. "Mimi sichomelei miti."

Seremala niliyempata alikuwa bingwa wa milango ya nyumba, na bingwa zaidi wa kujisifu. Alilizunguka gari akitikisa kichwa kama daktari aliyeitwa amechelewa. Alisema Wazungu hawajui milango, wanajua madirisha tu, ndiyo maana wanapenda kutazama nje. Akakata nguzo mpya ya mbambakofi, mti ambao ukiupiga msumari, msumari ndio unaolia. Akafunga bawaba za shaba, nene, za mlango wa mbele wa nyumba ya watu wenye uwezo. Skrubu zake akazitia kwa ndani ili mwizi asizipate. Kisha, bila kuniuliza, akapigilia komeo la chuma nje ya mlango.

"Komeo la nini kwenye gari?" nikamuuliza.

"Mlango bila komeo ni pazia," akanijibu, akaanza kukusanya zana zake. "Huo mwingine wa dereva ukitaka nao, niambie."

Sikumwambia. Lakini nakiri ulikuwa mlango wa haja. Ukiufunga ulitoa sauti nzito ya kuheshimika, gari likatulia lote. Nilizunguka nalo Kilifi mjini nikifungua na kufunga hata pale nilipokuwa sina shughuli. Mtu mmoja aliniuliza kama kuna watu wanaishi humo.

Nikarudi Rabai nimejaa kiburi. Safari hii mama mkwe hakuushika mlango, alining'inia juu yake. Nilisikia miguu yake ikiacha ardhi. Mlango haukutikisika. Alishuka, akaufungua, akaufunga, akaugonga kwa ngumi, kisha akauambia ukuta wa jiko: "Huu sasa ni mlango." Majirani wakapiga vigelegele, nami nikawaambia minazi asante.

Furaha yangu haikudumu. Mama mkwe akatoka ndani na kikapu, akamwambia mke wangu kwamba naye yuaja. Alitaka kuona mahali mjukuu wake atakapolala.

Nani aliwahi kusikia mtu amepakia mama mkwe katika gari lenye ukubwa wa kabati? Wazee walikaa kikao pale pale. Ikaamuliwa mkwe akae nyuma, upande wa mlango, mke wangu na mtoto mbele yake, na kile kioo cha kutazamia nyuma kigeuzwe kitazame paa. Sikutakiwa kugeuza shingo hata kama kuna lori. Nikaingia, mkwe akaingia, mke wangu akaingia na mtoto. Shemeji yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, akafunga komeo kwa nje.

"Komeo tupu litajifungua kwenye mashimo," mama mkwe akamwambia kupitia dirishani. "Lete kufuli la ghala."

Shemeji akaleta kufuli la ghala la mahindi, kubwa kama ngumi, akalipachika na kulifunga.

"Ufunguo uweke vizuri," mama mkwe akamwambia.

"Nimeuweka," akajibu.

"Haya, hinde," akasema mkwe wangu, nasi tukaondoka kwa shangwe, watoto wa kilima kizima wakikimbia nyuma yetu. Yeye alidhani ufunguo anao mke wangu. Mke wangu alidhani uko kwenye kikapu cha mama yake. Mimi sikudhani kitu, nilikuwa nawaza shingo yangu.

Tulipita Kaloleni, tukapita Mavueni, mlango umetulia tuli kwenye kila shimo. Nilianza hata kupiga mluzi. Tukafika Mnarani kwenye feri. Pale sheria ilikuwa moja: abiria wote washuke, gari lipande likiwa na dereva peke yake. Mfanyakazi wa feri akaja, akagonga bati. "Abiria chini!"

Ndipo ufunguo ulipotafutwa. Ulitafutwa kikapuni, kwenye pindo za leso, ndani ya nguo za mtoto. Kisha mke wangu akauliza polepole shemeji yangu aliuweka wapi hasa.

"Aliuweka vizuri," akasema mama mkwe. "Kwenye msumari wake. Nyumbani."

Mke wangu aliangua kicheko. Simlaumu sasa, lakini siku ile nilimlaumu sana. Alicheka mpaka akakosa pumzi, mtoto akirukaruka mapajani mwake. Wauza korosho walitujia kutoka pande zote, wakatuzunguka. Mmoja alichungulia akasema kwa huruma, "Jamani, wamefungiwa na nani?" Mfanyakazi wa feri akashauri bibi mkubwa atokee dirishani. Mama mkwe akafyonza, na yule mfanyakazi akaomba msamaha na kujiendea kutazama kamba.

Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi. Waya wa mlango wangu haukatiki bila koleo, na koleo sikuwa nalo, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: kufungua bawaba. Skrubu zilikuwa ndani, nyuma ya kiti cha mke wangu, mbele ya magoti ya mama mkwe. Mimi kufika huko ningelazimika kumkalia. Mke wangu alikuwa hafai kitu kwa kicheko. Nikatoa bisibisi chini ya kiti, nikainyoosha nyuma bila kugeuka, nikamtazama mwanangu, ndiye mtu wa tatu aliyebaki.

"Mwanangu," nikamwambia, "muombe bibi yako azifungue zile skrubu. Azungushe kushoto."

Mtoto akatoa povu. Bisibisi ikachukuliwa mkononi mwangu.

"Mjukuu wangu," sauti ikasema nyuma, "mwambie baba yako nazungusha."

Nikasikia anahema. Nikasikia mbao inalia. Honi nazo zimezidi.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako mkono umekufa ganzi na kitu hiki kinazidi kuingia tu!"

Mimi nina hasira za karibu, na jua lilikuwa kali, na mtoto alikuwa hafikishi ujumbe.

"Kushoto, mama!" nikapiga kelele. "Nimesema kushoto! Huko ni kulia!"

Kicheko cha mke wangu kilikatika. Hata wauza korosho walirudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimemkemea mama mkwe kwa kinywa changu, uso kwa kisogo, mbele ya watu. Kisha nyuma yangu nikasikia bisibisi ikizunguka tena, polepole, na skrubu zikaanza kudondoka kwenye bati moja moja. Bawaba ya juu ikaachia. Ya chini ikaachia. Mlango ukabaki unaning'inia kwenye komeo, ukasita, ukaanguka na komeo lake na kufuli lake, umati ukashangilia kama kwenye mpira.

Ulikuwa umeanguka tena. Nilikuwa nakumbuka vizuri neno ambalo mama mkwe alimwambia kuku.

Walishuka. Sikuthubutu kutazama. Mfanyakazi wa feri akaniashiria, nikaliendesha gari hadi ndani ya feri, upande wa kushoto wazi, nikalizima na kwenda kusimama kwenye ukingo nikitazama maji. Abiria walikuwa wakipanda nyuma yangu. Ng'ambo ya umati nilisikia basi la Kaloleni likiita watu, "Kaloleni, Kaloleni, mmoja, wawili!" Niliwaza jinsi ilivyo rahisi kwa mama mkwe kuwashika mkono na kuingia. Kugeuka siwezi, maana kama yupo nitamtazama usoni, na hilo lingekuwa kosa la pili. Kutogeuka nako kulikuwa kunanitoa roho. Basi likapiga honi, likaondoka. Feri nayo ikanguruma, ikaachana na gati, nami sikujua niliyemwacha ni nani. Nililia. Nilijifanya ni upepo, lakini nililia.

"Wewe."

Sikutikisika. Nikangoja mtu wa tatu aambiwe lake.

"Nasema na wewe, unayenipigia kelele. Geuka."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, mlango wa gari kichwani juu ya kata ya leso, jasho linamtiririka, na mtoto mikononi. Mke wangu alikuwa nyuma yake amejifunika mdomo.

"Mlango haukuanguka," akasema, akinitazama machoni. "Nimeufungua mimi. Haya, shika mwanao, mzigo huu wanielemea."

Akaniwekea mtoto mikononi.