Sauti Niliyoifuta Kwenye Grupu la Mama Mkwe

Admin, nifichie jina, na jina la grupu pia, maana familia ya mume wangu inafuata peji hii na shemeji zangu ni watu wa kusoma komenti hadi ya mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya, mama wa watoto wawili. Tunaishi Kampala, upande wa Lubaga, huu ni mwaka wa tisa. Nauza vitunguu na nyanya kwenye soko la Kalerwe. Mume wangu ni dereva wa malori ya Juba, kwa hiyo nyumbani kwake anakuja kama mgeni. Mdomo wangu ni mwepesi, sikatai. Nikikasirika naongea kwanza, kufikiri kunakuja baadaye.

Mwaka jana mama mkwe alipooza upande wa kushoto. Mume wangu akamleta kwetu kutoka kijijini Kenya ili awe karibu na hospitali. Nilimpokea kwa moyo mmoja, Mungu anajua. Nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani kabla ya kwenda sokoni, na mchana jirani yetu Nalongo alikuwa anamwangalia. Lakini miezi saba ya kunusa mkojo kabla ya chai si mchezo, na mwenye mama yuko barabarani.

Sasa sikilizeni. Mama hajui kusoma. Ndiyo maana kwenye grupu la familia hatuandiki kitu. Sote, yeye, watoto wake na sisi wake zao, tunarekodi sauti, naye anabonyeza kwa ule mkono mzima anasikiliza. Kidole changu kilishazoea. Nikifungua simu grupu liko juu kabisa, nabonyeza maiki, naongea. Asubuhi moja mama alimwaga uji kwenye shuka niliyotoka kubadilisha muda huo huo. Nilifika Kalerwe nimechelewa, wenzangu wameshachagua vitunguu vizuri, nimebakiziwa vilivyoanza kuoza. Nikataka kumlalamikia dada yangu aliyeko Nakuru. Nikasema, "Dada, huyu mzee amenichosha. Kama Mungu anamtaka amchukue tu, na mimi nipumzike. Nimechoka kuosha mtu ambaye hata hafi."

Nilipoachia kidole ndipo nikaona nimeituma kwenye grupu. Jamani, niliifuta haraka, nikachagua ifutike kwa wote. Haikukaa hata dakika mbili. Yakabaki yale maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na jina langu juu yake.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye hapitwi na jambo, akarekodi papo hapo: "Shemeji, umefuta nini? Mama yuko sawa kweli?" Bado natafuta uongo wa kumpa, ikaingia sauti ya mama, ile nzito ya tangu apooze: "Mwacheni binti yangu. Mimi nimeisikia. Alikuwa anaagiza vitunguu."

Nilikaa juu ya gunia. Wateja walikuwa wananiuliza bei, nikawaelekeza kwa wenzangu.

Jioni nilirudi nikiwa tayari kupiga magoti. Nalongo akanipokea mlangoni: "Nyabo, mzee leo hapana kula. Mimi naleta chakula, yeye nasema nashiba. Bambi, maskini, yeye nalia tu." Nikaingia. Mama alikuwa ameshajipangusa uso. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Hicho ulichofuta, na mimi nimekifuta. Usikirudishe, na mwanangu asikisikie." Nilianza kuomba msamaha, akageuzia uso ukutani. Wiki hiyo hiyo aliomba arudishwe kwake kijijini. Mume wangu aliambiwa tu kwamba mvua za Kampala zinamuumiza mifupa, akampeleka.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Huko anatunzwa na mke wa kitinda mimba, ambaye ana mtoto mchanga mgongoni. Hospitali iko mbali, ule mguu uliokuwa umeanza kusogea umelala tena, na dawa anazikataa. Ndugu wote wanasema mume wangu ndiye aliyemtupa. Kaka yake alirekodi mbele ya grupu zima, "Umechoka na mama yako, ukamrudisha kama mzigo." Mume wangu aliisikia akiwa njiani na lori. Alipofika nyumbani hakula. Alilia, mwanaume mzima, akaniuliza, "Mama Watoto, nilikosea wapi?" Nikamjibu sijui. Nilimtazama machoni nikamjibu sijui.

Jumamosi anapanda basi kwenda kumrudisha mama huku kwangu. Mama ameshasema haji, na sababu hatoi. Ndugu nao wamejipanga kumkalisha mume wangu kikao siku hiyo hiyo. Nikisema ukweli, ndoa yangu sidhani itasimama, na nitakuwa nimemvunjia mama neno alilonipa. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anabeba lawama zangu, na mama anakufa polepole akinifichia aibu. Mungu anaelekea kunisikia. Siku hizi namwomba asinisikie.

Leo asubuhi nimefungua simu, nikakuta mama amenitumia ujumbe mimi peke yangu, nje ya grupu, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Ulikuwa umeshafutwa. Nikampigia mke wa kitinda mimba nikamuuliza ni nani aliyeshika simu ya mama. Akacheka. "Ni mwenyewe. Alirekodi muda mrefu, halafu akaniita nimfundishe kufuta."

Ndugu zangu, bado siku tatu basi liondoke. Nimwambie mume wangu, au nimeze kama mama alivyotaka? Nitukaneni mkipenda, lakini nijibuni.