Shangazi Milembe na Fundi Lajabu

Kuna harufu ambayo ikinipitia puani hunikalisha chini, popote nilipo. Ni mafuta ya cherehani yakichanganyika na mafuta ya kukaangia vitumbua. Juzi nilikuwa natia mafuta cherehani yangu, na jikoni mkwe wangu alikuwa anakaanga. Harufu mbili zikakutana mlangoni, nami nikakiweka chini kichupa cha mafuta nikakaa. Mkwe akaja kuniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia, nimekwenda barazani kidogo.

Baraza lenyewe lilikuwa la duka moja katika mji wetu mdogo, njia ya kwenda Mwadui, miaka ile ya hamsini mwanzoni. Mji ulikuwa na kisima kimoja, mashine moja ya kusaga, na duka moja lenye baraza la saruji. Upande wa kulia wa baraza alikaa shangazi yangu Milembe na karai lake la vitumbua. Upande wa kushoto alikaa Fundi Rajabu, mtu wa pwani, na cherehani yake. Katikati yao palikuwa na hatua nne za mtu mzima, na katika hatua hizo nne walipigana vita ambavyo sijaona tena mfano wake.

Moshi wa shangazi uliingia kwenye vitambaa vyeupe vya marekani vya fundi. Vipande vya nguo vya fundi vilipeperuka vikatua ndani ya karai la shangazi. Mteja mmoja aliwahi kuuma kitumbua akakuta uzi, akauvuta, ukazidi kuja, na watu wakacheka hadi wakaegemea nguzo. Lakini kilichomkera fundi kuliko moshi ni jina lake. Shangazi, kama sisi Wasukuma wengi wa siku zile, hakuwa na r kinywani.

“Lajabu!” alikuwa akipaza sauti. “Sogeza chelehani yako!”

“Rajabu,” fundi alikuwa akijibu bila kuinua macho. “Jina la mtu lina herufi zake, Bi Milembe.”

“Ndiyo hilo hilo nimesema. Lajabu.”

Mimi nilikuwa naishi na shangazi ili nisome. Shangazi alikuwa ameachika kwa sababu hakupata mtoto, na badala ya kurudi nyumbani kwao kuketi kichwa chini, alikuja mjini akawasha jiko. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alikubali nimfuate kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Vitumbua ndivyo vilivyoninunulia kalamu na sare. Nasema hili mapema ili mjue kwamba jiko lile kwangu halikuwa jiko tu.

Sasa niwaambie kuhusu kitabu. Kijana mmoja aliyefanya kazi mgodini Mwadui alikiacha kwa shangazi akapita zake. Kilikuwa kijitabu cha hadithi, jalada limetoka, jina halijulikani. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mwenye kisima na mwanamume mwenye mashine ya kusaga, katika mji mdogo kama wetu, wanaochukiana kama paka na mbwa. Mwanamke alimnyima maji ya kupoza mashine. Mwanamume akasaga unga wa watu wote isipokuwa wa mwanamke yule. Na ukurasa kwa ukurasa, wakitukanana hivyo hivyo, walianza kupendana wasijue.

Kila alasiri nikitoka shule nilikisoma kwa sauti pale barazani. Wanawake walileta nyungo zao za kuchambua mchele wakakaa. Jamani, utamu ule! Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na hata leo wajukuu hunicheka wakikuta chini ya mto wangu riwaya za aina ile ile, za watu wa mji mmoja wasioweza kuonana kisha wakaoana. Wacheke. Wao wamekulia mahali ambapo ukimchukia mtu unapita mtaa mwingine. Katika mji wa kisima kimoja, adui yako unamsalimu kila asubuhi. Unajua anaamka saa ngapi, anakohoa vipi, viatu vyake vimeisha upande gani. Hakuna mtu anayekuangalia kwa makini kama yule mnayegombana naye, na waandishi wa hadithi hizo wanalijua jambo hilo kuliko wahubiri wengi.

Shangazi alikuwa anakikejeli. “Watu wanaochukiana hawaoani,” alisema. “Huo ni uongo wa kwenye kalatasi.” Lakini tukifika pale mwanamke anapommwagia mwanamume pumba kichwani, alisema, “Ludia hapo, Minza. Sikusikia vizuri.” Alikuwa amesikia mara tatu. Na upande wa kushoto, cherehani ya fundi, ambayo kwa kawaida ilikimbia kama inafukuzwa, ilipunguza mwendo. Kwenye kurasa za ugomvi ilisimama kabisa. Niliona, lakini nilidhani amekatikiwa uzi.

Mwaka ule mwenye duka akaamua kujenga stoo, akachukua nusu ya baraza. Aliwaita wote wawili akawaambia kwamba patabaki nafasi ya mtu mmoja, labda wawili wakibanana sana, na kwamba wapatane wenyewe kabla ya mwezi kwisha. Yeye hakutaka kelele. Wakati huo shangazi na fundi walikuwa hawasemezani. Ilikuwa mwezi wa pili sasa wananituma mimi. “Minza, mwambie fundi moshi unaelekea kwake kwa mapenzi ya Mungu.” “Minza, mwambie shangazi yako Mungu hakuwasha lile jiko.”

Habari ya stoo ilimfikia baba kijijini. Akatuma salamu kwamba atakuja Jumapili. Kama jiko halina pa kukaa, turudi nyumbani, na kuna mzee mmoja mwenye wake wawili na zizi lililojaa ambaye alikuwa tayari kumwoa shangazi. Kuhusu mimi hakusema neno, lakini kijijini hapakuwa na darasa la tano. Nililia nyuma ya nyumba, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Shangazi hakulia. Aliniambia nichukue karatasi.

Hapa yanipasa kuungama jambo. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga, na alituchapa kwa kila l iliyokaa kwenye kiti cha r. Niliandika “balua”, nikachapwa. Niliandika “habali”, nikachapwa. Siku moja niliandika kwamba nimepoteza karamu yangu, nikimaanisha kalamu, na mwalimu, badala ya kuchukua fimbo, alicheka akaniuliza ni karamu ya nani na walichinja nini. Basi nikapiga hesabu zangu za kitoto. L huleta fimbo, r huleta kicheko. Tangu siku hiyo, kila nilipokuwa na shaka, niliandika r.

Shangazi akasema, nami nikaandika. Maneno yake yalikuwa haya: “Fundi, salamu. Mimi Milembe nimechoka na ugomvi. Sitaki kingine kwako, nataka mahali tu. Ukinipa mahali, sitakusumbua tena maisha yangu yote. Njoo nyumbani Jumapili, kaka yangu atakuwepo, tuyamalize.”

Na mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa kulala upande, nikaandika: Fundi, saramu. Mimi Mirembe nimechoka na ugomvi. Sitaki kingine kwako, nataka mahari tu. Ukinipa mahari, sitakusumbua tena maisha yangu yote.

Nilipeleka barua hiyo Alhamisi. Fundi aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akafunika cherehani, na jua bado liko juu. Ijumaa hakuja barazani. Jumamosi hakuja pia. Shangazi aliuangalia ule upande mtupu akasema amefurahi kupata hewa, na siku hiyo akaunguza vitumbua vya karai zima.

Jumapili baba alifika mapema, akakaa kwenye kiti cha uani na fimbo yake magotini. Shangazi alikuwa amekata kamba yenye urefu kamili wa jiko, benchi na mahali pa kupitisha miguu. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Mlango ukabishwa. Fundi Rajabu akaingia amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, kofia kichwani, na nyuma yake muuza nyama wa mji, mtu mzima aliyeheshimika, kabeba furushi la vitenge.

Walipokwisha kusalimiana, muuza nyama akakohoa. “Kaka,” akamwambia baba, “tumeitika wito. Tumekuja kwa habari ya mahari.”

“Vizuri,” baba akasema. “Dada yangu anataka mahali. Ni haki yake.”

“Ni haki yake kabisa. Basi tutajieni, inatosha kiasi gani?”

Shangazi akanyoosha ile kamba. “Kiasi hiki.”

Muuza nyama aliitazama kamba upande mmoja, akaitazama upande wa pili. “Kwetu sisi,” akasema polepole, “hatupimi kwa kamba. Lakini kila kabila lina yake. Ni urefu wa zizi?”

“Zizi la nini? Ni ulefu wa jiko langu!”

Baba akaagiza barua isomwe. Nilisimama katikati ya ua nikaisoma kwa sauti ya darasani, na kwa kuwa kinywa changu kilikuwa kinywa cha kwetu, nilisoma “mahali” na tena “mahali”. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akisema si mmesikia? Ndipo muuza nyama aliponinyang'anya karatasi, akaweka kidole juu ya neno. “Hapa,” akasema, “pameandikwa mahari. Mahari ya ndoa. Kwa r.”

Nilianza kulia. Niliona jiko limezimwa, mizigo imefungwa, na mimi nachunga mbuzi. Baba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Lakini shangazi hakunitazama. Alikuwa anamtazama fundi, kanzu yake, kofia yake, vumbi jekundu kwenye ncha za viatu vilivyopakwa rangi asubuhi ile. Akamsemesha mwenyewe, bila kunituma mimi, mara ya kwanza baada ya miezi miwili.

“Kwa hiyo, fundi, ulisoma hivyo.”

“Nilisoma hivyo.”

“Na ukaja.”

“Nikaja.”

“Na kanzu ukapiga pasi.”

“Mara mbili,” fundi akasema, na shingo yake ikaloa jasho.

Shangazi akakunja kamba yake mkononi, taratibu, mpaka ikawa kidonge. “Mimi jiko langu halihami,” akasema.

Fundi akaweka sawa kofia yake. “Na mimi,” akajibu, “chelehani yangu haihami.”

Alisema chelehani! Fundi Rajabu, aliyelinda herufi zake kama polisi wa boma, alitamka chelehani mbele ya watu wazima. Shangazi akavuta ncha ya kitenge akajifunika mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kilipomtoka kilimtoa machozi. “Minza,” akasema, “acha kulia, lete chai.” Baba, ambaye alikuwa mtu wa mambo yanayoshikika, akamgeukia muuza nyama akauliza sasa habari ya ng'ombe ikoje.

Walioana. Barazani wakabanana katika ile nusu iliyobaki, jiko limegeuzwa ili moshi uelekee barabarani, na waligombana kila siku aliyowajalia Mungu, kwa afya njema. Mimi nikamaliza shule. Na kwa miaka mingi nilitembea na fahari ya siri kwamba ndoa ile niliifunga mimi, kwa herufi moja.

Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu siku fundi aliponipima gauni langu la harusi. Shangazi alikuwa nyuma, anampigia kelele kwa sababu ya pini alizomwaga. Nilimtania fundi kuhusu barua. Akatoa pini midomoni, akapunguza sauti.

“Mwanangu,” akasema, “mji huu niliwasomea watu barua zao miaka tisa. Mtu akiandika ‘saramu’, na jina la shangazi yake akaliandika ‘Mirembe’, wewe unafikiri sikujua kwamba ‘mahari’ yake ni mahali?”

Nilibaki na mikono hewani. Nikamwuliza kama nisingekosea angefanyaje.

“Nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo ya kwenda Mwadui,” akasema. “Nilitaka nimwachie baraza lote, asirudishwe kijijini. Sikuwa na njia ya kusema neno jingine, tulikuwa tumetukanana mno. Barua yako ilipokuja nikaona, afadhali aniambie hapana mwenyewe, kisha ndipo niende.”

Akaniomba nisimwambie shangazi, maana angejivuna. Sikumwambia.

Fahari yangu ilikwisha siku ile, na wala sikuisikitikia. Nilipokuwa mtoto nilidhani utamu wa hadithi zile ni pale chuki inapogeuka, kama nguo inavyogeuzwa ndani nje. Kumbe hapakuwa na kilichogeuka. Miaka yote ile ya kelele mtu alikuwa amekwisha kupenda, na aliogopa tu kuchekwa. Alikuwa tayari kuondoka na cherehani yake kichwani, bila kumwambia yeyote, ili mwanamke aliyemwita Lajabu abaki na pa kuwashia moto.