Mnyororo wa Dafrao

Bi Kamba hakuwa mtu wa kusahau, na hakumwomba mtu radhi kwa hilo. Ukimwambia kusamehe ni dawa, alikujibu kwamba dawa hunywewa na mgonjwa, na yeye ni mzima.

Kazi yake ilikuwa kusuka dafrao, yale matakia manene ya kamba yanayofungwa puani mwa boti ili isiumie inaposukuma meli. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya gati, kimejaa marobota ya kamba hadi pa kukanyaga hapakuwepo. Kila dafrao aliisuka juu ya mnyororo mwembamba wa chuma, maana kamba isiyo na uti wa mgongo hulegea upesi, kisha akaichovya kwenye lami isioze. Ncha ya mnyororo aliizungushia waya wa shaba. Hakuna msukaji mwingine aliyefanya hivyo, na gati zima lilijua.

Kaka yake alikuwa fundi wa injini kwenye tagi, boti ya mbao ya kuvuta meli, iliyokuwa kongwe kuliko wote waliofanya kazi ndani yake. Siku moja dafrao ya tagi hiyo ililowa chapachapa, ikawa nzito hata pua ya boti ikainama, na meli kubwa ilikuwa inasubiri kuvutwa. Kamba iliyolowa huanikwa juani, taratibu, hata ikichukua siku tatu. Nahodha hakuwa na subira hiyo. Aliamuru dafrao ifunguliwe, izungushwe kwenye dohani, bomba la moshi wa injini, ikauke kwa joto lake.

"Nahodha, ile ina lami," fundi alimwambia.

"Nahodha hapa ni nani?"

Basi ikazungushwa. Kabla meli haijafikiwa, dohani ilikuwa imevaa moto, na mbao kuukuu zilizokunywa mafuta miaka yote hiyo hazikuhitaji kubembelezwa. Wote waliruka majini wakapona. Tagi ilielea ikiwaka, ikazama kando ya mkondo, dohani ikiwa imenasa matopeni. Kwenye baraza la uchunguzi Nahodha alisimama, koti limepigwa pasi, akasema fundi aliacha jiko la chai likiwaka karibu na matambara ya mafuta, na mabaharia wengine, kwa kuogopa kufukuzwa, wakaitikia. Bi Kamba naye alisimama akasema habari ya dohani aliyosimuliwa na kaka yake. Wakamwambia akae, dada hawezi kumtolea ushahidi kaka yake.

Tangu siku ile fundi hakuitwa fundi tena. Aliitwa Kiberiti. Aliitwa hivyo dukani, aliitwa hivyo alipokuwa akitafuta kazi asiipate, na alipokufa wachimba kaburi walitaniana kwa jina hilo hilo, marehemu yuko pale pale. Na aliyeshika jeneza upande wa mbele, uso umekunjwa kwa huzuni, alikuwa Nahodha. Hapo ndipo moyo wa Bi Kamba ulipogeuka jiwe, na mimi simlaumu.

Mwaka ule ule, maji yalipokupwa sana, alikodi mtumbwi akaenda hadi kwenye mabaki. Aliingiza mkono majini, akaipapasa dohani yote. Alitaka mnyororo wake, wenye waya wake wa shaba, kwa sababu mnyororo wa puani hauwezi kujikuta kwenye dohani bila kupelekwa. Hakuupata. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wamemtangulia, laana iwashukie. Alilia kwa hasira njia nzima ya kurudi, kisha akafuta uso na kufunga mdomo. Hakumwambia mtu, hata binti wa kaka yake aliyemlea.

Badala yake, kila alipokutana na Nahodha, sokoni au kwenye harusi, alimsalimu kwa sauti tamu: "Nahodha, hujambo? Mnyororo wangu nao, u salama?"

Mara ya kwanza Nahodha alicheka. Mara ya pili hakucheka. Baadaye akawa anavuka barabara akimwona, lakini mji ule haukuwa na barabara za kutosha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kisha bandari ikaamua kuondoa mabaki yale ili mkondo upanuliwe, na Nahodha, sasa mstaafu wa kuheshimika, akaandaliwa kiti cha mbele kwenye hafla ya kuyatoa. Siku mbili kabla, alikuja kibandani. Alikaa juu ya robota bila kukaribishwa.

"Dada, sote tumezeeka. Ukiulizwa kuhusu ule mnyororo, sema ulikuwa wa akiba tu."

"Akiba ya nini?"

"Nitaiambia familia yenu ukweli. Kwa siri. Nitaomba radhi."

"Ulimpaka kaka yangu matope hadharani, halafu unataka kumwosha uani?" Bi Kamba hakuacha kusuka. "Kaseme gatini. Kabla dohani haijatoka majini utakuwa umekiri mwenyewe. Ikishatoka utakuwa umekamatwa. Chagua."

Nahodha aliondoka bila kuaga. Bi Kamba alisuka na kufumua hadi jioni, maana alijua dohani ikitoka kabla ya mdomo wa yule mzee kufunguka, kaka yake atabaki Kiberiti milele.

Siku ilipofika, gati lilijaa wapakuzi, makarani na wauza chai. Bi Kamba alisimama na binti wa kaka yake mahali ambapo Nahodha asingeweza kukwepa kumwona. Winchi ikaanza kuvuta. Mapovu yakatoka, kisha tope, kisha ukingo mweusi wa dohani, kidogo kidogo. Nahodha alimtazama Bi Kamba. Bi Kamba akamtabasamia.

"Simamisheni!" Nahodha aliruka kitini. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyeamuru dafrao iwekwe kwenye dohani. Fundi alinikataza. Hakukuwa na jiko lolote!"

Lakini winchi haikusikia. Dohani ilipanda hadi ikaning'inia hewani nzima, ikichuruzika maji. Ilikuwa tupu kama mkono wa mwombaji.

"Kumbe Kiberiti ni wewe!" mpakuzi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na jina likapokelewa kwa vicheko.

Nahodha alimjia Bi Kamba, midomo mikavu. "Mnyororo uko wapi? Ulisema upo."

"Sijawahi kusema upo. Nilikuwa nakuuliza tu kama u salama."

"Dada... nisamehe."

"Kamwombe mwenyewe. Kaburi lake unalijua, ulimbeba."

Akamshika binti wa kaka yake mkono, wakapita katikati ya watu. Huko nyuma walikuwa bado wanamwita mzee yule jina lake jipya.