Simu ya Sufiani Husikia Tu

Sufiani, jirani yangu wa Mwembesongo, anafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini. Mwaka jana alichukua simu nzuri, akafuta mfumo wote uliokuja nayo, akaweka Linux, ile programu huria ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha.

"Sasa hii ni yangu, dada," aliniambia. "Hiyo yako umepangishwa tu."

Nilimwonea wivu kidogo. Kwa umri wangu, vitu ambavyo mtu anaweza kuviita vyake huanza kupungua. Ila simu yenyewe ilikuwa na mambo. Kamera ilionyesha giza. Chaji haikufika adhuhuri. Na ukimpigia, yeye anakusikia vizuri, wewe humsikii. Wenye viwanda hawasemi vipuri vyao vinafanyaje kazi, alinieleza, kwa hiyo watu wa kujitolea huko duniani wanabahatisha kipuri kimoja kimoja. Aliyasema hayo kwa upole wa mtu anayeuguza ng'ombe.

Kisha akamposa Zuleha, fundi cherehani, Mluguru wa Kinole. Kwao neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba, Mzee Kibwana, akasema atampigia Sufiani mwenyewe, Ijumaa baada ya swala, amsikie ni mtu wa namna gani.

"Weka laini kwenye simu yangu," Zuleha alimsihi Ijumaa hiyo, tukisubiri sote watatu penye cherehani yake.

"Ya nini? Nimepakua toleo jipya asubuhi. Si umenisikia mwenyewe?"

Kweli, alipotupigia kuijaribu tulimsikia. Basi akaizima na kuiwasha tena, eti impokee mzee ikiwa safi.

Ikaita, akaipokea kwa spika. "Shikamoo mjomba!"

"Haloo?"

"Shikamoo!"

"Haloo! Sufiani?"

"Shikamoo mjomba! Shikamoo!" Alipaza sauti mpaka muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akaitikia marahaba.

"Kapokea, kanyamaza," tulimsikia mzee akimwambia mkewe. "Mwalimu mzima, salamu imemshinda! Hapa hakuna mume." Ikakatika.

Zuleha hakumlaumu. Alikunja tu kitambaa alichokuwa akishona, taratibu, na hilo ndilo lililomtisha Sufiani. Alasiri ileile walipanda Kinole kwa bodaboda. Yaliyotokea huko alinisimulia Zuleha.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia?" mzee aliuliza, akiigeuzageuza ile simu.

"Kila neno, mjomba."

"Hata nilivyokusema vibaya?"

"Hata hivyo."

"Na hukuweza kujibu?"

"Hata neno moja, mjomba."

Mkewe, Bi Hidaya, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini. "Mume anayesikia kila neno na hajibu? Kibwana, mpeni mtoto leo leo, kabla hajaitengeneza!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akamuuliza Sufiani kama ndoa anaitaka kabla ya mvua au baada.