Nilivyomfokea Mbuyi Redioni

Nilikuwa na hasira, na nadhani bado ninayo. Mimi huku Kolwezi nilichora pampu ya mgodi, na Mbuyi kule Likasi akachora msingi wa kuibeba. Matundu ya bolti hayakulingana, wakubwa wakanilaumu mimi, na Mbuyi kila nikimwita kwa redio ya kazi hajibu!

Asubuhi moja, mbele ya ofisi nzima, nikanyakua redio na kufungua mdomo wangu mpana: “Mbuyi, we muvivu! Unalala wapi wakati benzako banatumika kazi?”

Mama mmoja wa ofisi ya Likasi akajibu polepole: “Tata, Mbuyi analala ku gare ya treni na batoto yake. Bantu ya huku balimufukuza ku kazi na ku nyumba juu ni mutu ya Kasai, jimbo ingine. Haukujua?”

Nikawageukia wenzangu. Wakainamia michoro yao. Walijua wote, wakaniacha nipayuke!